Majira ya Baridi Yasiyo na Baridi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Jiografia



Muhula uliopita Chama chetu cha Jiografia kilikutana kujadili swali alilotupa Mwalimu wetu. Swali lenyewe aliliandika ubaoni hivi: Kwa nini majira ya baridi ya mwaka 2019 kuingia 2020 yalikuwa na joto huko Ulaya kupita majira yote ya baridi yaliyopata kupimwa kabla yake? Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulimsikia, "Baridi ya Wazungu yatuhusu nini sisi?" Tukacheka. Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu kwamba atakayelifuata swali lile mpaka mwisho atalikuta jibu mlangoni kwao.

Mimi nililichukua neno lile kama mzaha. Lakini nilipoanza kusoma niliona kwamba jibu limefika mlangoni kwetu kweli, maana mlango wa nyumba yetu ulichukuliwa na maji mwaka ule ule. Habari hiyo ndiyo nataka kuwaeleza, na nitaieleza kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, ili hata ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza waweze kuifuata.

Baridi yao ni ya namna gani

Sisi kipupwe chetu huja kati ya Juni na Agosti, wakati wa Kusi. Wenzetu wa Ulaya wako mbali upande wa kaskazini wa dunia, na baridi yao huja Desemba, Januari na Februari, wakati dunia imeinamisha upande wake wa kaskazini mbali na jua. Siku hizo jua lao huchelewa kutoka na huwahi kutua. Pale Helsinki, mji mkuu wa Finland, mwishoni mwa Desemba mchana haufiki hata saa sita. Maji ya maziwa huganda, theluji hufunika mashamba, na miti mingi husimama mitupu bila jani.

Msidhani kwamba baridi hiyo ni adhabu tu kwao. Mkulima wa huko huitegemea kama mkulima wetu anavyotegemea kiangazi cha kukaushia mahindi. Baridi huua wadudu wengi waharibifu, na huizuia miti ya matunda isichanue kabla ya wakati. Theluji inayokaa milimani huyeyuka polepole na kuijaza mito wakati wa joto.

Sasa tazameni yaliyotokea. Idara ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya, ambayo hukusanya vipimo vya hali ya hewa, ilitangaza kwamba joto la wastani la Ulaya katika miezi ile mitatu lilizidi kwa digrii 3.4 wastani wa miaka ya 1981 hadi 2010. Yaliyokuwa yakishika nafasi ya kwanza ni majira ya baridi ya 2015 kuingia 2016, nayo yalipitwa kwa karibu digrii 1.4.

Huenda msomaji akasema, "Digrii tatu na kitu ni nini? Hapa shuleni asubuhi na mchana hutofautiana kwa digrii kumi." Ni kweli. Lakini hicho si kipimo cha siku moja wala cha mji mmoja. Ni wastani wa bara zima, usiku na mchana, kwa muda wa miezi mitatu. Wastani kama huo ni mzito kusogea. Katika mbio ndefu mshindi huivunja rekodi ya zamani kwa sekunde chache tu. Mwaka ule Ulaya iliivunja rekodi kama mkimbiaji anayemwacha mwenzake nusu ya duru nyuma.

Matokeo yake yalionekana kwa macho. Mji wa Moscow, unaojulikana dunia nzima kwa baridi yake, ulilazimika kuleta theluji kwa malori ili kupamba barabara kwa sherehe za Mwaka Mpya. Ufaransa, katika milima ya Pyrenees, theluji ilibebwa kwa helikopta mwezi wa Februari 2020 na kumwagwa mahali ambapo watu huenda kuteleza. Ujerumani kuna divai inayotengenezwa kwa zabibu zilizoachwa shambani mpaka zigande, na ni lazima baridi ifike digrii 7 chini ya sifuri. Mwaka ule hapakuwa na eneo hata moja la wakulima wa zabibu lililopata baridi hiyo, na mavuno hayo yakakosekana nchi nzima. Hata Japani, mbali mashariki, majira yale ya baridi yalikuwa ya joto kupita yote waliyopata kuyapima.

Sababu ya kwanza: Pepo za magharibi

Ulaya ya magharibi hupata uvuguvugu wake kutoka Bahari ya Atlantiki. Pepo zikivuma kutoka magharibi huja na hewa yenye unyevu na joto la baharini. Zikilegea, hewa kavu ya baridi kali hupata nafasi ya kuingia kutoka Siberia au kutoka Ncha ya Kaskazini.

Ni nini basi kinachozitia nguvu au kuzilegeza? Karibu na Iceland mgandamizo wa hewa huwa mdogo, na karibu na visiwa vya Azores huwa mkubwa. Hewa hukimbia kwa sababu ya tofauti hiyo, kama maji yanavyotiririka kwa sababu ya mteremko. Mteremko ukiwa mkali, pepo za magharibi huwa na nguvu na Ulaya ya kaskazini hupata uvuguvugu na mvua. Mteremko ukiwa mdogo, baridi huingia.

Mtu aliyeupa jina mpando na mshuko huo ni Mwingereza, Sir Gilbert Walker, katika miaka ya 1920. Jambo la kutazama ni kwamba hakuanza kwa kuitafuta habari ya Ulaya. Alikuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa kule Bara Hindi tangu 1904 hadi 1924, naye alitaka kujua mapema ni mwaka gani mvua za huko zitakosekana, maana zikikosekana watu hufa kwa njaa. Katika kulinganisha vipimo vya dunia nzima ndipo alipogundua kwamba hewa ya mahali pamoja hufungamana na hewa ya mahali pengine palipo mbali sana. Tulishike fundisho hilo, maana tutalihitaji mbele.

Katika miezi ya baridi ya 2020 tofauti ile ya mgandamizo ilikuwa kubwa mno. Tufani mbili, zilizopewa majina ya Ciara na Dennis, ziliipiga Uingereza mwezi wa Februari, zikifuatana juma kwa juma, na mwezi huo ukawa Februari yenye mvua nyingi kuliko zote zilizopimwa katika nchi hiyo. Kwa hiyo haikuwa raha tupu. Waliookoa fedha za kuni na gesi walikuwapo, na waliotoa maji ndani ya nyumba kwa ndoo walikuwapo vile vile.

Sababu ya pili: Duara la pepo kwenye Ncha ya Kaskazini

Jambo hili laweza kufahamika kwa kikombe cha chai ya bwaloni, hasa ile isiyochujwa vizuri. Chukua kijiko ukoroge kwa nguvu kwenda upande mmoja, halafu utoe kijiko. Utaona majani ya chai yamekusanyika katikati, na chai inayazunguka. Sasa rudisha kijiko ukikinge dhidi ya mzunguko. Mara duara linavurugika, na majani yanatawanyika mpaka kwenye kingo za kikombe. Huu ni mfano tu, nao si sawasawa na hewa kwa kila jambo, lakini wafaa kwa kuanzia.

Juu ya Ncha ya Kaskazini, kilomita 15 mpaka 50 kutoka ardhini, wakati wa baridi hakuna jua kwa miezi mingi, na hewa ya huko huwa ya baridi kupita kiasi. Pepo kali huizunguka kutoka magharibi kwenda mashariki. Duara hilo likiwa na nguvu, pepo za chini nazo hukaza mwendo, na baridi hufungiwa kaskazini. Likivurugika, baridi humwagika kuelekea kusini, na miji ya Ulaya na Marekani hutetemeka.

Mwanzoni mwa 2020 duara hilo lilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Kipimo ambacho wataalamu hukitumia kulilinganisha na pepo za chini kilipanda mwezi wa Februari kufikia kiasi ambacho hakijapata kuonekana tangu hesabu zake zilipoanza kuwekwa. Basi jibu letu la kwanza ni hili: baridi haikupotea duniani. Ilifungiwa nyumbani kwake.

Lakini mwanafunzi mzuri haachi hapo. Lazima aulize, kijiko kilikuwa wapi? Kwa kawaida kuna mawimbi makubwa ya hewa yanayopanda kutoka chini, yakisukumwa na milima mirefu na tofauti ya joto kati ya bara na bahari, nayo huligonga duara lile na kulidhoofisha. Mwaka ule mawimbi hayo yalikuwa dhaifu. Kwa nini? Hapa ndipo swali lilipogeuka na kutazama kwetu.

Sababu ya tatu: Bahari yetu wenyewe

Katika miaka ya kawaida maji ya Bahari ya Hindi huwa na joto zaidi upande wa mashariki, karibu na Sumatra, kuliko upande wetu wa Afrika. Lakini katika miaka mingine mambo hugeuka. Pepo huvuma kwa nguvu kutoka mashariki, zikayasukuma maji ya joto kuja kwetu, na kule Sumatra na Java maji baridi hupanda kutoka chini kushika nafasi yaliyoiacha. Waweza kulitazama jambo hili kwa karai la maji: yapulizie kwa nguvu kutoka upande mmoja, utaona maji ya juu yanakwenda upande wa pili.

Mpinduko huu walioueleza na kuupa jina ni watafiti wa Japani, Saji na Yamagata pamoja na wenzao, mwaka 1999. Wataalamu wetu huuita dipoli ya Bahari ya Hindi, maana yake bahari yenye pande mbili zinazopingana kwa joto. Mwaka 2019 dipoli hiyo ilikuwa kali kuliko zilizoonekana kwa miongo mingi. Mwezi wa Oktoba kipimo cha tofauti kati ya pande hizo mbili kilipita digrii 2.

Maji ya joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke ukipanda huwa mawingu na mvua. Upande wa mashariki uliopoa ulikosa mvua, na Australia ikaungua kwa mioto mikubwa ya porini. Upande wetu ukapata mvua kupita kiasi. Kenya, katika Kaunti ya Pokot Magharibi, milima iliporomoka mwezi wa Novemba 2019 na kuua watu wengi usiku. Somalia, mto Shebelle uliufunika mji wa Beledweyne. Mchanga uliolowa ukawa mahali pazuri pa nzige kutaga mayai, na mwishoni mwa mwaka huo nzige wa jangwani wakaingia Kenya kwa wingi ambao wazee wa huko walikuwa hawajauona kwa miaka 70 hivi.

Je, jambo hilo lafikaje Ulaya? Mvuke unapogeuka kuwa mvua hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa ya juu. Tupa jiwe kisimani uone mawimbi yanavyokwenda mpaka ukingoni. Hewa nayo ikisukumwa kwa nguvu juu ya Bahari ya Hindi hutoa mawimbi yanayosafiri maelfu ya kilomita. Mwaka ule mawimbi hayo yalifika kaskazini ya Bahari ya Pasifiki, yakakidhoofisha kituo cha mgandamizo mdogo kilicho karibu na visiwa vya Aleutian. Kituo hicho ni mmoja wa mikono inayokishika kile kijiko chetu cha chai. Mkono ulipolegea, duara la kaskazini likazunguka bila kusumbuliwa, pepo za Atlantiki zikakaza, na Ulaya ikakosa baridi yake.

Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza waliyachunguza hayo kwa kompyuta zao, na mwaka 2020 wakatoa maelezo yao kwamba dipoli ya bahari yetu ilikuwa na mkono katika uvuguvugu ule, na kwamba kwa sababu hiyo majira yale yaliweza kubashiriwa miezi kadhaa mbele. Hawakusema kwamba ndiyo sababu pekee. Bahari na hewa zina mambo mengi yanayotokea kwa wakati mmoja.

Sababu ya nne: Uwanja ulioinama

Tulipofika hapa katika mkutano wetu mabishano yakawa makali. Mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Kama ni pepo, basi si moshi wa viwanda. Na kama ni moshi wa viwanda, basi si pepo. Chagueni moja." Wengi wakampigia makofi, na mimi nikiwa mmoja wao. Baadaye niliona kwamba tulikosea, nami nitaeleza kosa letu kwa uwanja wetu wa mpira.

Kila mwanafunzi wa shule hii ajua kwamba uwanja wetu umeinama kuelekea goli la bwenini. Timu inayoshambulia kuelekea huko hufunga mabao mengi zaidi. Ukiuliza nani kafunga bao fulani, jibu ni mchezaji fulani, kwa shuti lake. Hakuna asemaye mteremko ndio uliofunga. Lakini ukihesabu mabao ya mwaka mzima, mteremko utauona. Na shuti ambalo kwenye uwanja sawa lingeishia mikononi mwa kipa, hapa hupita likaingia wavuni. Mchezaji na mteremko hawapingani, bali hufanya kazi pamoja.

Pepo za 2020 ndizo mchezaji. Mteremko ni kuongezeka kwa joto la dunia. Mwaka 1859 John Tyndall alianza kuonyesha kwa majaribio kwamba hewa ukaa na mvuke huzuia joto lisitoroke. Mwaka 1896 Svante Arrhenius, mtu wa Sweden, nchi ya theluji, alipiga hesabu ya kiasi ambacho dunia itapata joto hewa ukaa ikiongezeka. Tangu 1958 hewa hiyo imekuwa ikipimwa juu ya mlima wa Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, kazi iliyoanzishwa na Charles David Keeling. Alipoanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa sehemu 315 hivi. Mwaka 2020 zilikuwa zimefika 414 hivi. Ongezeko hilo latokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Na Ulaya ndilo bara linalopata joto upesi kuliko mabara mengine, karibu mara mbili ya mwendo wa dunia nzima.

Mteremko lakini hauzuii timu ya chini kufunga bao. Januari 2021, mwaka mmoja tu baada ya majira yale, mji wa Madrid nchini Hispania ulifunikwa na theluji nyingi kuliko iliyoonekana huko kwa miongo mingi. Kwa hiyo mtu asitoe majira mamoja ya joto na kusema, "Tazama, nimethibitisha," wala mwingine asitoe siku moja ya theluji na kusema, "Tazama, ni uongo." Wote wawili wamehesabu bao moja. Tuhesabu ya miaka mingi.

Jibu lililofika mlangoni

Nyumbani kwetu ni kando ya Ziwa Viktoria, mkoani Mara. Mwaka 2019 nilikuwa Darasa la Tano. Mvua zilianza Oktoba, na tuliposubiri zikome hazikukoma. Nakumbuka furaha ya kwanza, maana mihogo ilistawi. Kisha nakumbuka Babu akienda kila asubuhi kutazama ufuko, na kila akirudi hasemi neno.

Ziwa hilo hupata sehemu kubwa ya maji yake, karibu sehemu nne katika tano, kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, na maji yana mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Mto Nili pale Jinja, Uganda. Mvua ikizidi maji hayana pa kukimbilia upesi, huinuka tu. Mwezi wa Aprili 2020 maji yaliingia uani kwetu. Mwezi wa Mei yalifika kitandani. Uwanja wa kuanikia dagaa, ambao ulilisha nyumba sita, ulizama wote. Kaburi la Bibi, lililokuwa chini ya mwembe, lilikaa majini miezi mingi, na mwembe ukafa ukiwa umesimama.

Babu alinipeleka kwenye jabali moja kubwa akanionyesha mstari uliofifia. "Mjukuu wangu," akasema, "haya maji nayajua. Yalifika hapa nilipokuwa kijana, nchi ilipopata Uhuru. Baadaye yakarudi nyuma, nasi tukayafuata tukajenga. Sasa ziwa limekuja kuchukua chake."

Wakati ule nilidhani ni maneno ya uzee. Sasa nimesoma kwamba mwishoni mwa 1961 dipoli ya Bahari ya Hindi ilikuwa kali vile vile, mvua zikawa kubwa mno katika Afrika ya Mashariki, na Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Kimo hicho cha 1964 ndicho kilichopitwa mwaka 2020. Babu hakuwa na kipimo wala kompyuta. Alikuwa na jabali na macho yake, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Mwaka 2022 maji yalishuka kidogo. Baba Mdogo akataka kurudi kwenye kiwanja cha zamani, kwa sababu ardhi ya juu tuliyohamia ina mawe, tena ni mbali na mitumbwi. Babu akakataa kurudi. Wakabishana siku tatu. Mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza, nimerudi likizo, na Baba Mdogo akaniuliza mbele ya wote, "Wewe msomi, wasemaje?" Sikuwa na la kusema, nikanyamaza. Akajenga chumba na jiko. Mwishoni mwa 2023 dipoli ikaja tena, safari hii pamoja na El Niño, na mwezi wa Mei 2024 ziwa likavuka hata alama ya 2020. Chumba na jiko vikaenda, pamoja na nyavu mbili alizokuwa bado hajamaliza kuzilipia.

Sitaki kujidai kwamba ningesema lo lote angenisikiliza. Yeye ni mzazi wangu na mimi ni mtoto. Lakini nilinyamaza kwa kutojua, na kunyamaza kwa namna hiyo ndiko kunakoniuma. Sasa ningejua la kumwambia, kwa adabu: "Baba Mdogo, sijui maji yatarudi mwaka gani. Lakini bahari imezoea kugeuka hivi, na kila igeukapo sasa inageuka juu ya dunia yenye joto zaidi, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Tujenge juu ya mstari wa Babu, tena tuuache mbali chini yetu."

Mambo ya kukumbuka

Kwa ajili ya wenzangu wanaojiandaa kwa mtihani nayakusanya kwa ufupi.

1. Ulaya ilikosa baridi mwaka 2019 kuingia 2020 kwa sababu pepo za magharibi zilikuwa na nguvu nyingi na zilileta hewa ya vuguvugu kutoka Atlantiki.

2. Pepo hizo zilisaidiwa na duara kali la pepo juu ya Ncha ya Kaskazini, lililofungia baridi huko.

3. Mpinduko wa joto katika Bahari ya Hindi ulichangia kuliacha duara hilo bila usumbufu. Mpinduko huo huo ndio ulioleta mafuriko kwetu na ukame Australia.

4. Chini ya hayo yote kuna ongezeko la joto la dunia, ambalo haliamui kila majira peke yake, lakini huinamisha uwanja.

Basi yule ndugu aliyeuliza baridi ya Wazungu yatuhusu nini, namjibu kwa upendo kwamba mwaka ule mtoto wa Moscow aliyekosa theluji ya kuchezea, na mimi niliyekuwa nikibeba godoro kichwani kwenda mlimani, tulikuwa tunapigwa na wimbi moja.

Neno la mwisho ni ombi. Nyuma ya maabara kuna kipima mvua na kisanduku cheupe cha vipimajoto. Katika kabati ya Mwalimu kuna daftari lake, ambalo wanafunzi waliotutangulia waliliandika kila siku saa tatu asubuhi. Mimi nimelishika mwaka huu na uliopita, na lazima niungame kwamba katika mwezi wa Machi kuna siku tano ambazo hazina kitu, kwa sababu nilikuwa mvivu kutoka mvuani. Mvua ya siku zile tano ilinyesha na haitajulikana tena. Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu na kuondoka, na mpaka leo hakuna aliyejitolea kulipokea daftari. Natafuta wawili wa Kidato cha Pili, ili mmoja akiugua mwenziwe aandike. Kazi yenyewe ni dakika kumi. Anayetaka aje anione kwenye kisanduku cheupe siku yo yote saa tatu kasorobo, nami nitamfundisha kusoma kipimo bila kuinamisha jicho.